Kabla ya kumpa kontrakta kazi Uganda: ofisi ya ujenzi, bodi ya wahandisi au miguu yako?

Mkenya anayejenga upande wa Uganda wa Busia, au Mtanzania aliyepata kiwanja Mutukula, huja na mazoea ya nyumbani. Kenya kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kila kontrakta ana ngazi yake, NCA1 kwa wakubwa hadi NCA8 kwa wadogo, na jina lake linatafutika. Tanzania kuna Bodi ya Usajili wa Makandarasi na madaraja yake, la kwanza hadi la saba. Basi mtu akivuka mpaka, swali lake la kwanza ni bodi ya makontrakta iko wapi, ili akaulize habari za yule aliyeelekezwa kwake na shemeji.

Uganda haina rejista ya lazima ya namna hiyo inayomgusa kila anayejenga nyumba ya mtu binafsi. Na kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui hata kama wamezaliwa hapa: kibali cha ujenzi kinafuata kiwanja, hakimfuati fundi. Mwenye mali ndiye anayekiomba, kupitia msanifu au mhandisi wake, na karatasi zinawekwa kwenye faili la ploti. Ukienda ofisini ukamtaja kontrakta kwa jina, karani hana pa kuanzia. Ukimtajia Block na Plot, yaani namba za ardhi yenyewe, anajua aende kabati gani. Ushauri wa Kimarekani uliojaa mtandaoni, kwamba uandike jina la mjenzi uone vibali vyake vyote, unafaa kwa mji kama Chicago, ambako orodha ya vibali iko wazi na majina ya makontrakta yamo humo humo. Hapa hauna kazi.

Kwa hiyo historia ya vibali ya kontrakta inabidi uiunge mwenyewe, kutoka kwenye nyumba alizojenga. Mwambie akupe tatu zilizokamilika na moja inayoendelea, kila moja na jina la mwenyewe, mtaa na namba ya ploti. Orodha hiyo ndiyo ufunguo wa karibu njia zote zinazofuata. Jibu utakalokutana nalo mara nyingi ni hili: "Mzee, mambo ya makaratasi ni ya mwenye nyumba, mimi ni mtu wa simiti." Si lazima liwe jibu la mwizi, maana nusu yake ni kweli. Lakini mtu aliyejenga nyumba tatu na hana hata mwenye nyumba mmoja ambaye angekubali kupokea simu yako, huyo tayari amekwambia kitu.

Faili la ploti

Hii ndiyo njia yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayochosha kuliko zote. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 iliweka kamati za ujenzi katika wilaya, manispaa na majiji, na juu yake Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo, NBRB. Kanuni zake zilitoka 2020. Kampala shughuli iko mikononi mwa KCCA, mamlaka ya jiji. Busia ni manispaa. Jinja, Arua na Mbarara ni majiji tangu Julai 2020. Kabla ya kibali cha ujenzi kuna ruhusa ya uendelezaji kutoka kamati ya mipango, chini ya Sheria ya Mipango ya 2010, sheria ambayo ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Kwa hiyo yule anayekwambia "hapa ni kijijini, hakuna mambo ya plani" anasema habari za mazoea, hasemi habari za sheria.

Faili zuri lina mchoro uliopitishwa, kibali chenyewe, rekodi za ukaguzi wa hatua kwa hatua, na mwisho kibali cha kukaa, kinachotolewa jengo likikamilika na kukaguliwa. Mimi nikipewa karatasi moja tu ya kumpimia kontrakta, nitachagua hiki cha mwisho. Kibali cha ujenzi kinathibitisha kwamba mtu aliyejua kuchora alichora. Kibali cha kukaa kinathibitisha kwamba mtu mwingine, asiyelipwa na kontrakta, alilitazama jengo lililosimama na kulilinganisha na mchoro.

Tatizo, na ni tatizo kubwa, ni kwamba nyumba nyingi hazina. Mwenye nyumba amechoka kulipa kodi ya kupanga, madirisha yakishaingia anahamia, na karatasi zinabaki kesho. Hilo si kosa la mjenzi. Kwa hiyo kibali cha kukaa kikiwepo ni pointi kubwa kwake. Kisipokuwepo, usimkate, shuka kwenye rekodi za ukaguzi: nani alikuja kuuona msingi kabla haujafunikwa, nani aliona vyuma vya slabu kabla ya zege. Hapo ndipo panapoua watu. Hoteli iliyoanguka Bwebajja, barabara ya Entebbe, Septemba 2004 na kuua watu 11 ilikuwa bado inajengwa. Jengo la Kansanga lililoanguka Mei 2020 na kuua watu zaidi ya 10 lilikuwa bado linajengwa pia. Kontrakta anayemwita mkaguzi mapema na kumsubiri ni adimu, na alama zake zinaonekana ndani ya faili: tarehe, sahihi, maagizo ya kurekebisha, kisha tarehe nyingine.

Utalionaje faili la mtu mwingine? Njia nyepesi ni mwenye nyumba akuonyeshe nakala zake sebuleni kwake. Ya pili ni akuandikie barua fupi uende nayo ofisini. Ya tatu ni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, inayompa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Sema ukweli: kwa nyumba ya vyumba vitatu, siku 21 za kusubiri na barua za kufuatilia ni nyingi. Tena haki hiyo ni ya raia, kwa hiyo Mkongomani, Mkenya au Msudani Kusini anayejenga hapa asiitegemee. Chai na mwenye nyumba itampeleka mbali zaidi.

Ukishika mchoro, anza na kisanduku cha maelezo, kwa kawaida pembeni au chini kulia. Jina la mwenye mali lifanane na la kwenye hati. Namba ya ardhi ifanane pia. Sehemu kubwa ya Buganda utaona Block na Plot. Kwingine unaweza kukuta namba za rejista zinazoanza na LRV kwa ardhi ya kukodi au FRV kwa ardhi huru. Kisha mihuri. Wa msanifu una jina na namba ya usajili, wa mhandisi wa miundo vivyo hivyo, na wa halmashauri una tarehe. Muhuri wa asili wino wake huwa umeingia kwenye karatasi na mara nyingi umepinda kidogo. Uliotolewa fotokopi umelala sawa na mistari ya mchoro, rangi ile ile. Mwisho hesabu ghorofa. Mchoro wa nyumba ya chini uliozaa nyumba ya ghorofa mbili si jambo geni, na ukilikuta kwa kontrakta wako huna haja ya kwenda nyumba ya pili.

Mfumo wa mtandaoni

NBRB ina mfumo wa kielektroniki unaoitwa BIMS ambao maombi ya vibali hupitia. Wengi wanaufungua wakidhani utawapa wasifu wa kontrakta. Umetengenezwa kwa ajili ya kuomba na kufuatilia kibali. Kumpima mjenzi ni shughuli nyingine. Faida yake kwako ni moja: kama mwenye nyumba ya mfano aliomba kupitia humo, anaweza kufungua akaunti yake, au ya msanifu wake, mbele yako na ukaona hatua zote bila safari ya ofisini. Kwa nyumba za zamani rudi kwenye karatasi.

Bodi za wataalamu

Kwenye saiti kila mwenye kofia ngumu ni injinia. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inaona tofauti. Ina orodha ya waliosajiliwa, na mhandisi anayefanya kazi anatakiwa kuwa na leseni ya mwaka husika. Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo, iliyowekwa kwa sheria ya 1996, ina orodha yake. Kulinganisha jina na namba kwenye muhuri na orodha hizi ni kazi ya dakika chache na haina gharama ya maana. Ukilinganisha jasho na faida, hakuna njia inayoishinda hii.

Ila elewa imekuthibitishia nini. Imekuthibitishia aliyechora. Anayechanganya zege ni mwingine, na mara nyingi mhandisi wa kwenye muhuri hajawahi kufika saiti hiyo. Nimesikia kontrakta akijisifu kwamba "plani zangu zote zinapigwa muhuri na injinia mkubwa" kana kwamba muhuri ndio unaobeba slabu. Mpigie mhandisi huyo simu, kwa namba utakayoipata mwenyewe na si kwa namba utakayopewa na kontrakta, umuulize swali moja: je, ile nyumba ya mtaa fulani aliikagua wakati inajengwa? Kama hakumbuki nyumba, au hamkumbuki kontrakta, muhuri ule uliazimwa. Kama anamkumbuka na kuanza kumlalamikia, msikilize mpaka mwisho. Malalamiko ya mhandisi huwa na vipimo ndani yake.

Karatasi za kampuni

Ofisi ya usajili wa makampuni, URSB, yenye kituo chake Kololo, itakuuzia taarifa za kampuni: ilisajiliwa lini, wakurugenzi ni akina nani, kama inapeleka ripoti za kila mwaka. Kampuni iliyosajiliwa mwezi uliopita lakini ina picha za "miaka 15 ya uzoefu" ni jambo la kuulizia, ingawa kuna fundi mzuri aliyefanya kazi miaka yote hiyo kwa jina lake kabla ya kufungua kampuni. Mamlaka ya ununuzi wa umma, PPDA, hutangaza kampuni zilizosimamishwa kwenye zabuni za serikali, na kuitazama orodha hiyo ni bure. Kwa kontrakta wa barabara na shule ina maana kubwa. Kwa fundi wa nyumba za kuishi haitakuambia kitu, kwa sababu hakuwahi kugusa zabuni.

Chama cha makontrakta, UNABCEC, kina wanachama na kinawapanga kwa madaraja. Kuwa mwanachama ni hiari, kwa hiyo kuwemo ni jema na kutokuwemo si dhambi. Hukumu za mahakama zinapatikana bure mtandaoni kupitia ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda. Andika jina la kampuni kisha la mkurugenzi, maana kampuni hufa na mkurugenzi akafungua nyingine. Migogoro midogo huko huikuti. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yana utaratibu wake wa haraka, na mengi huishia mezani kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa.

Miguu yako

Njia ya mwisho ndiyo ambayo kila mtu anasema ameifanya. Amepita na gari, amepunguza mwendo, ameona rangi nzuri. Hiyo ni kutalii.

Nenda kwenye saiti inayoendelea bila kutoa taarifa. Tafuta bango kwanza. Bango lililotimia linataja mwenye mradi, wataalamu, kontrakta na namba ya kibali. Namba hiyo iandike, ndiyo utakayoulizia ofisini. Kisha omba kuona mchoro uliopitishwa. Swali ni rahisi na halimtukani mtu: "Forman, plani iko wapi?" Pale ambapo kazi inafanywa kwa utaratibu, mchoro uko kwenye stoo, umechakaa, una alama za udongo na kalamu. Pale ambapo hakuna utaratibu utaambiwa uko kwa bosi, uko kwenye gari, uko kwenye simu. Mchoro wa kwenye simu ya forman, uliopigwa picha ukutani, ndio unaotumika kupima nafasi za vyuma. Ukiona hivyo umeshapata ulichofuata.

Kwa nyumba zilizokamilika, ongea na mwenyewe bila kontrakta kuwepo, na usimuulize kama aliridhika. Atasema ndiyo kwa sababu ya aibu, au hapana kwa sababu ya pesa. Muulize nani alikwenda ofisi ya manispaa siku ile kibali kilipotoka. Muulize kama mkaguzi aliwahi kuja na kusimamisha kazi, na kontrakta alifanya nini siku hiyo. Kontrakta aliyesimamishwa mara moja, akavunja nguzo mbili na kuzijenga upya, ana historia bora kuliko yule ambaye hakuwahi kukaguliwa. Kwa macho ya haraka historia ya huyo wa pili ndiyo inayoonekana safi, na hapo ndipo wengi wanapochagua vibaya.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba unaonyeshwa nyumba alizozichagua yeye. Dawa yake ni duka la vifaa. Muuza simiti wa mtaa anajua saiti ambazo kontrakta hazitaji, ile iliyosimama kwenye lenta na ile ambayo mwenyewe alibadilisha fundi katikati. Nunua kitu, hata misumari, halafu uliza.

Wawili mezani: kampuni yenye faili, na fundi mwenye nyumba mitaani

Mara nyingi uchaguzi unabaki hapa. Kampuni ina cheti cha URSB, namba ya kodi, barua yenye nembo, na bei ya juu. Fundi, tumwite Hajji, hana kampuni, amejenga nyumba tano unazoziona ukienda msikitini, na bei yake inapumua.

Kwa karatasi za kampuni, kampuni inamshinda Hajji kabla hajafungua mdomo. Kwa bodi za wataalamu wanaweza kuwa sawa, maana wote wawili wanakodi mhandisi. Ila kampuni yenye mhandisi wake wa kudumu inapata nafasi, na hilo lithibitishe kwa mhandisi, si kwa barua. Kwenye faili za ploti mara nyingi mambo hugeuka. Kampuni changa inaweza kuwa na mikataba mizuri na isiwe na hata jengo moja lililofikia kibali cha kukaa. Hajji anaweza kuwa na nyumba mbili zenye rekodi za ukaguzi, kwa sababu mmoja wa wateja wake alikuwa mwalimu mstaafu aliyefuata kila hatua. Hapo ningempa Hajji nyumba ya chini bila wasiwasi, kwa sharti kwamba namlipa mhandisi mimi mwenyewe, moja kwa moja, aje msingi, lenta na paa.

Ghorofa nisingempa, hata kama bei yake ni nusu. Slabu inayoning'inia juu ya vichwa vya watu inataka mtu mwenye wajibu kisheria, bima, na ofisi inayoweza kushtakiwa. Kampuni isiyo na faili hata moja la ploti nayo nisingeipa ghorofa. Hapo jibu ni kumtafuta wa tatu, hata kama kiwanja kinaota nyasi msimu mzima wa mvua.

Kama muda wako ni mchache, fanya mambo mawili tu: linganisha mihuri na orodha za ERB na wasanifu, kisha kaa na mwenye nyumba mmoja aliyekamilisha, mbele ya karatasi zake. URSB iongeze kama unaajiri kampuni na unalipa malipo ya mbele. ULII iongeze kama pesa ni za kuumiza. Mengine ni ziada.

Ukishachagua, yale uliyoyatafuta kwa wengine yaandike kwenye mkataba wako. Kazi isianze kabla namba ya kibali haijaandikwa kwenye bango. Taja nani, kwa jina, atakayemwita mkaguzi wa manispaa, na siku ngapi kabla ya kila hatua. Zege la slabu lisimwagwe kabla ya sahihi ya mkaguzi kuwepo, na mafundi wakimwaga bila sahihi, gharama ya kuvunja ni ya kontrakta. Awamu ya mwisho ya malipo ishikwe mpaka kibali cha kukaa kitoke, na maombi yake yaandikwe wazi kuwa ni kazi ya nani, yako au yake, kwa sababu hapo ndipo kila upande husubiri mwenzake. Nakala moja ya kila karatasi ibaki kwako, nyingine kwa mhandisi. Kontrakta akisoma sehemu hii na kuomba ilegezwe, muulize anataka ilegezwe mstari upi.